Amana ya Bi Sheikha

Sheria msumeno, hukata mbele na nyuma. Basi mtazameni Zahor, mkurugenzi wa Jumuiya ya Historia pale Vuga, aliyeushika mpini kwa mikono miwili na bado ukamkata.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, siku ya Alkhamisi, na shangazi yake, Bi Sheikha, alikuwa anakata roho. Si mgonjwa wa kusema labda atainuka. Daktari alikuja, akamtazama, akakunja vyombo vyake, akasema mpeni anachokitaka. Na anachokitaka kilijulikana nyumba nzima, kilijulikana mtaa mzima wa Kajificheni. Alitaka asomewe Yasini ndani ya msahafu wa babake.

Babake aliuandika msahafu ule kwa mkono wake, kwa kalamu ya mtete, akauweka wakf: mwanangu yeyote akifikwa na mauti, asomewe humu. Na wakf ni wakf, hauuzwi, haurithiwi, haupewi mtu. Ndugu zake Bi Sheikha walisomewa humo mmoja baada ya mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akiwashikia kurasa zisipeperuke. Sasa amebaki yeye peke yake, na msahafu haumo ndani. Uko Vuga, kwenye kabati la kioo la Jumuiya, na ufunguo wa kabati umo mfukoni mwa Zahor.

Na nani aliyeupeleka huko? Huyo huyo Zahor! Mchwa walikuwa wameingia kwenye shubaka la ukutani kwa bibi, wamekwisha kula jalada, na yeye akaja na maneno yake mazuri ya kisomi.

"Shangazi, kwetu hapana mchwa wala unyevu. Nipe nikuwekee."

"Wakf huo, mwanangu. Mimi sina ruhusa ya kuutoa."

"Hutoi. Unaweka amana tu. Siku ukiutaka, tuma mtu."

"Siku hiyo yenyewe unaijua," alisema Bi Sheikha, na akampa, kwa sababu alimlea tangu mamake alipofariki, na mtu hamshuku mtoto aliyemlisha kwa mkono wake.

Zahor hakusema uongo. Aliamini. Aliyoyasahau ni maneno ya sheria iliyounda Jumuiya, nayo yalikuwa machache na makavu. Mkurugenzi ndiye mwenye dhamana ya kila kitu kilichomo. Kitu hakitoki nje ya nyumba ile ila kwa idhini ya Kamati, yenye saini ya mwenyekiti. Kikitoka bila saini, mkurugenzi hushitakiwa kama mwizi. Wala hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Mkurugenzi aliyemtangulia alimwazima bwana harusi jambia la fedha, la kuvaa siku moja, likarudi limo kwenye ala nyingine. Mzee wa watu akafungwa jela ya Kiinuamiguu, akatoka hatazamiki.

Saini moja tu ilitakiwa. Na mwenye saini, mwenyekiti Bwana Matar, alikuwa Pemba anatazama mikarafuu yake, na meli ni ya Jumamosi. Zahor alipeleka telegramu, akapeleka nyingine. Jawabu halikuja.

Bi Sheikha sauti ilikuwa imeshamkauka. Akitaka kitu, aligonga ubao wa kitanda kwa pete yake ya fedha. Akigonga mara moja, maji. Akigonga mara mbili, Zahor, njoo. Alkhamisi ile aligonga mara mbili kutwa. Kila akigonga Zahor huenda, na kila akienda, bibi humtazama mikono kwanza, halafu ndiyo macho. Mikono ilikuwa mitupu.

"Kesho kutwa, Shangazi," alimwambia. "Jumamosi, inshallah. Nivumilie."

Ndugu yake Zahor, Hashil, alimvuta ukumbini. Hashil hakusoma kama yeye, alikuwa fundi seremala, na hasira zake zilikuwa karibu.

"Kesho kutwa? Unaiambia roho isubiri meli? Ufunguo umo mfukoni mwako, Zahor. Kwani miguu umeazima?"

"Nikiutoa nafungwa, Hashil. Nna watoto."

"Umesoma mpaka umekuwa mjinga!"

Lililomuuma Zahor ni kwamba ndugu yake hakukosea sana. Alikuwa na hofu. Tuseme tu. Aliiogopa jela, akaogopa aibu ya kuitwa mwizi wa mali ya Jumuiya katika mji ambao habari hutangulia kabla ya mwenyewe. Na kwa hofu ile akamchukia kila mtu, akaichukia hata pete kila ilipogonga.

Asubuhi ya Ijumaa alitoka chumbani kwa mgonjwa macho yanamng'ara.

"Nshapata! Sheria inakataza kitu kutoka. Haikatazi mtu kuingia. Tena inasema nyumba iwe wazi kwa kila mtu, na mkurugenzi hana ruhusa ya kumkatalia yeyote. Tumpeleke Shangazi kwenye msahafu."

Hashil alimtazama kama anayemtazama mtu aliyevaa kanzu chini juu.

"Mtu yu taabani, unataka kumpitisha njiani juu ya kitanda, ili kitabu kisisumbuke?"

"Si mbali. Watu wanne tu watosha."

Ndani, pete iligonga. Mara mbili. Walipoingia, Bi Sheikha alikuwa amewageuzia uso na anaitikia kwa kichwa kidogo, ndiyo, ndiyo, nipelekeni. Mtume! Nani angemkatalia? Hashil alikwenda kuwaita vijana watatu wa mtaani, na Zahor akatangulia Vuga kwenda kutengeneza mahali.

Alitandika mkeka chini ya kabati, akaweka mto. Akafungua kioo, akautoa msahafu wa babu yake, akauweka juu ya marfaa, kile kibao cha kusomea, mbele ya mkeka. Ulikuwa unanuka udi bado. Bawabu wa nyumba ile, mzee Simai, mtu wa Makunduchi, alisimama mlangoni anamtazama akihangaika.

"Bwana, ungeuchukua tu ukenda nao," alisema Simai. "Mimi siku hizi macho yangu hayaoni vizuri. Akitoka mtu na kitu, sitojua."

"Dhamana ni yangu, Simai."

"Haya, bwana."

Wakasubiri. Jua likapanda. Zahor alitoka barazani, akarudi ndani, akatoka tena. Kajificheni na Vuga si safari, hata mwenye kubeba angekuwa ameshafika. Akaanza kujiambia labda bibi amezidiwa, labda wamepumzika kivulini, labda, labda.

Ndipo iliposikika tahlili kutoka upande wa Mkunazini. La ilaha illa Llah, La ilaha illa Llah, sauti za wanaume wengi, wanakwenda mbio.

"Maiti ya Ijumaa," alisema Simai. "Bahati yake huyo. Watu hawatoki barazani kwa maiti wa siku nyengine kama wanavyotoka leo."

Jeneza likatokeza. Lilikuwa la mwanamke, limefunikwa kitambaa cha kijani juu ya fito zilizopindwa, na watu wamelizunguka hata wenye maiti hawaonekani. Wenye maduka walikuwa wanarukia nje, kila mmoja anataka kutia bega hatua chache apate thawabu, na mmoja akishika mwengine humwachia. Hivyo ndivyo kwetu. Mtu haulizi kwanza ni nani aliyekufa. Hushika, na habari ataijua mbele.

Zahor alishuka barazani. Alitaka thawabu kuliko mtu yeyote katika njia ile. Akatia bega lake la kulia chini ya mti wa mbele, akapokea uzito, na uzito wenyewe haukuwa kitu, maiti mwepesi kama mtoto. Akaomba, machozi yanamtoka: Ya Rabbi, kwa haki ya huyu mja wako niliyembeba, mcheleweshe shangazi yangu. Usimchukue mpaka afike.

Juu ya sikio lake mti uligonga. Ko, ko. Ukanyamaza, kisha tena, ko, ko, pole pole. Kitanda kibovu hiki, aliwaza Zahor, kimelegea viungo. Mtu akamgusa mgongoni, "Tupe na sisi, shekhe," naye akamwachia, akarudi barazani kwenda kusubiri.

Tahlili ilikuwa imeshapotelea upande wa Kikwajuni Hashil alipotokea anakimbia. Kanzu imechanika bega, kofia hana.

"Umempokea?"

"Nani?"

"Shangazi! Wamepita naye hapa hapa! Hukuwaona?"

Hashil alikuwa analia na kusema kwa pamoja. Bi Kidawa, jirani aliyekuwa akimuuguza bibi, alisema mwanamke wa heshima hapitishwi njiani anatazamwa na jua linampiga, akapinda fito juu ya kitanda, akafunika kitambaa. Kwa mapenzi tu. Walipotokea njia kuu mtu mmoja akaona, akapiga ukelele, maiti ya Ijumaa! Basi. Watu wakavamia. Mmoja mmoja wakawatoa mabega Hashil na wale vijana, tupeni na sisi, tupeni na sisi, na tahlili ikapanda juu ya kila sauti.

"Niliwaambia hajafa! Niliwaambia mgonjwa huyu! Wazee wawili wamenishika mikono, subiri mwanangu, kifo haki. Wakanikalisha barazani kwa nguvu, wananimwagia maji kichwani!"

Mkono wa Zahor ulikuwa umeshapanda wenyewe mpaka begani. Ko, ko. Zahor, njoo.

Alikimbia. Mtu wa makamo, msomi, mwenye koti juu ya kanzu, alikimbia Mnazi Mmoja mbele za watu, viatu mkononi, anapiga makelele mpaka koo likachanika. Kufika Kikwajuni msikitini safu zimeshasimama, kitanda kimewekwa mbele, na imamu ameinua mikono ya takbira.

"Msiswali! Yu hai! Shangazi yangu huyo, yu hai!"

Alizipasua safu, akaanguka magotini, akakivuta kitambaa. Fito zikaruka. Mkono wa Bi Sheikha ulikuwa umetoka kwenye shuka, umelala juu ya ubao, pete imeegemea mti. Macho yalikuwa wazi, yametazama upande. Zahor aliushika mkono, ulikuwa na joto. Akamwita. Akamwita kwa Shangazi, akamwita kwa Mama, jina ambalo hakulitumia tangu utoto. Mzee mmoja wa safu ya mbele akainama, akaweka kidole puani mwa bibi, akangoja, kisha akamfumba macho.

"Yu hai wapi, mwanangu," alisema pole pole.

Watu hawakuwa wamekosea, walikuwa wamewahi tu. Na hapana aliyeweza kusema amekufa juu ya bega la nani.

Imamu alikuwa mtu wa utaratibu. Aliuliza, maiti huyu ameoshwa? Hakuoshwa. Amekafiniwa? Hakukafiniwa. "Basi mrudisheni kwao," alisema, na waliombeba mbio wakambeba tena, safari hii kimya, na hapana aliyerukia kutoka barazani.

Walipofika Vuga Zahor aliingia ndani. Msahafu ulikuwa pale pale juu ya marfaa, mkeka umetandikwa, mto haujaguswa. Aliukumbatia kifuani akatoka nao mchana kweupe, bila saini, bila idhini. Simai alimshikia mlango. Hapakuwa na mtu wa kumzuia, wala hapakuwahi kuwa naye.

Jumamosi meli ikaja, na jioni Bwana Matar alifika matangani Kajificheni. Alivua viatu, akatoa mkono wa rambirambi, akakaa mkekani. Mbele ya Zahor palikuwa na msahafu umefunguliwa, na mwenyekiti aliutambua.

"Huu si wetu huu?"

"Ndio wenyewe," alisema Zahor. "Nimeutoa jana bila idhini yako. Sheria unaijua. Nishitaki, Bwana Matar. Nakuomba."

Bwana Matar alimtazama kwa huruma, akampigapiga gotini kama anavyobembelezwa mtoto.

"Aa, Zahor, ndugu yangu. Kwa jambo kama hili ungeuchukua siku ile ile. Nani angekuuliza?"

Wanaume wote wakasikia, na wengine wakaitikia kwa vichwa, kweli, kweli, nani angemuuliza. Zahor alifunga msahafu. Halafu akalia, kilio cha sauti, mbele ya matanga mazima, huku ngumi yake ya kushoto inaligonga bega la kulia. Mara mbili. Ananyamaza. Mara mbili tena. Hashil aliinuka akenda kumshika mkono, na ilimchukua muda kumtuliza.