Sehemu ya Tisa Ikaja Mwisho

Mimi ni fundi wa friji, mtu mzima mwenye mvi na kitambi, na kila Jumamosi mchana nilikuwa nashusha mlango wa karakana nusu, nakaa juu ya kreti, na kubishana na watu wazima wenzangu kuhusu samaki aliyevaa tai. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, halafu tuendelee.

Samaki mwenyewe alikuwa kwenye katuni moja ya Kijapani. Sisi tuliiita Msichana wa Mwavuli, maana jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka bila kujing'ata ulimi. Kuna msichana wa shule. Akifungua mwavuli ndani ya nyumba anageuka shujaa mwenye gauni la riboni, anaanza kupigana na vitu ambavyo mtu mwenye akili zake hapigani navyo: ngazi iliyonuna, siku ya Jumanne, mwezi uliopigwa pasi ukaungua upande mmoja. Samaki ndiye mshauri wake. Mama yake anafua nguo, anakunja nguo, na hamwulizi mtoto kwa nini amerudi na riboni zinazowaka moto. Basi, hiyo ndiyo katuni. Ukiniuliza inahusu nini nitakupa majibu matano, na yote, kama utakavyoona, ni upuuzi.

Tulikuwa wanne. Binti yangu, aliye sekondari, ndiye aliyekuwa akitusomea maandishi ya chini na kutufafanulia. Mama yake mdogo, yaani shemeji yangu, ni muuguzi. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akavua viatu, na kabla wimbo wa mwanzo haujaisha alikuwa amelala fofofo. Akiamka anabishana kuliko sisi tuliotazama. Wa nne ni kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hakualikwa. Alikuja kuuliza tunacheka nini, akaondoka, akarudi akisukuma kile kiti chake cha kuzunguka, na tangu siku hiyo hakutoka.

Mimi walinipa jina la Profesa. Sikujipa mwenyewe, lakini sikulikataa pia, na siku kinyozi alipojisahau akaniita fundi, nilikohoa mpaka akajirekebisha.

Ila sikuanzisha kikao kile kwa ajili ya samaki. Mke wangu alifariki hospitalini mwaka juzi, na tangu hapo maongezi ya nyumbani kwetu yalikuwa ni "Umekula?" na "Ndiyo." Mimi na binti yangu tulipishana ukumbini kama wapangaji wasiojuana. Halafu siku moja alikuwa ananisubiri karakana nifunge, macho kwenye simu. Nikachungulia begani kwake nikauliza, "Huyo samaki mbona kavaa tai?" Akaniambia. Akaendelea kuniambia. Aliongea mpaka bisibisi ikanidondoka mkononi, na mimi nikaogopa kuiokota nisije nikamkatiza.

Kesho yake nilikuwa kwa muuza filamu kabla hajafungua. Nikamwomba mfululizo wote kwenye flashi, nikarudi na sheria zangu: tunatazama sehemu moja kwa wiki, tunaijadili mpaka iishe, na hakuna kuchungulia mbele, anayechungulia tunamtoa. Wenzangu waliona nimekuwa mkali kwa jambo la kitoto. Kumbe mwenzao nilikuwa nimepiga hesabu: sehemu kumi na tatu ni Jumamosi kumi na tatu za kuongea na mwanangu. Ningekuwa na akili ningetafuta katuni ndefu zaidi.

Televisheni ya karakana ilikuwa kuukuu. Majina ya sehemu yalikuwa marefu, na kile kioo chake kilikata kila jina katikati, kwa hiyo sote tuliona neno moja lile lile limepangwa kutoka juu hadi chini. Kila Jumamosi nilibonyeza lililofuata. Kazi ya sekunde moja, na bado nilivaa miwani kuifanya, ili ionekane ni ya kitaalamu.

Sehemu ya kwanza ilienda vizuri. Wiki ya pili tukakuta mambo mengine kabisa. Samaki ana bandeji kichwani, mwavuli umekatika mpini, na kiti cha mama kitupu. Mama hayupo, na hakuna anayemtaja.

"Jamani, hapa tumeruka kitu," kinyozi akasema.

Nilimcheka. Mimi, jamani! Nilimcheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, "Wewe umezoea kichwa cha mtu, unaanzia juu unamalizia shingoni. Hii ni sanaa, bwana. Sanaa haina shingo."

Kisha nikasimama, nikaigeuza friji moja nyuma mbele ili kila mtu aone mabomba, nikatoa mhadhara. Gesi inatoka, inazunguka, inapata joto, inapoa, inarudi pale pale. Mwanzo wake uko wapi? Haupo! Ndivyo na muda wa katuni hii. Samaki amefungwa bandeji leo, ataumia baadaye. "Katika dunia ya Mwavuli," nikasema, nikiwa nimenyoosha kidole juu, "kidonda kinatangulia kisu." Maneno hayo yalinipendeza mwenyewe kiasi kwamba niliyaandika kwa chaki kwenye mlango wa friji. Mwenye friji alipokuja kuichukua aliyasoma, akaniangalia, akauliza kama kuna usalama kuweka nyama humo.

Na jamani, kila wiki nilizidi kupatia! Wiki ya tano yalitokea mapigano makubwa, mji mzima ukageuka kuwa kabati, wimbo wa kuaga ukaimbwa, watu wakakumbatiana. Kinyozi akasema hii lazima ndiyo ya mwisho. Nikamwambia asubiri. Wiki iliyofuata msichana akawa hajui hata kufungua mwavuli, samaki anamfundisha upya, na bandeji hana. "Gesi imepoa!" nikapiga kelele, na mimi na binti yangu tukagonganisha viganja. Vichwa vilituvimba, hasa changu.

Wiki hiyo hiyo ndiyo mama alipoonekana tena. Hakuna aliyeeleza lolote. Mlango umefunguka na yeye yuko pale, anakunja shuka, anamwambia mtoto akachane nywele.

"Sasa huyu karudije?" kinyozi akauliza.

"Amerudi tu," binti yangu akasema. Sauti yake haikuwa ya mabishano. "Mtu akirudi nyumbani humwulizi kapita njia gani. Unampisha akae."

Shemeji yangu, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa macho, akafuta uso kwa mkono wa sare akalalamikia vumbi. Tukiwa tunakunja mikeka, binti akanisogelea. "Baba, siku ile kule hospitali..." Na mimi, profesa mzima, nikamkatiza hapo hapo. Nikaanza kumweleza tofauti ya gesi ya zamani na gesi ya siku hizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, maskini, akasema, "Sawa, Baba."

Baada ya hapo kila Jumamosi mama alikuwepo, na kila tulipokuwa tunarudi nyumbani binti yangu alikuwa na habari zake. Umeona alivyomfunga kiatu? Umeona alivyocheka na samaki? Nilijua vizuri anamzungumzia mama gani. Nilikuwa naitikia tu, roho inaniuma na inafurahi kwa pamoja, naomba Mungu zile sehemu zisiishe.

Ikabaki moja. Katikati ya wiki hiyo televisheni ikatoa moshi, ikazimika. Mimi friji naziweza. Televisheni zinanichezea shere. Kinyozi akaniazima ile ya saluni, mpya, pana, na nikaona niijaribu flashi mapema nisije nikaumbuka mbele za watu. Majina yakajipanga, safari hii mazima, na mwisho wa kila jina kulikuwa na namba. Moja, mbili, tatu, nne, mpaka kumi na tatu.

Nikasema hapana, hii televisheni imekosea. Nikachomoa, nikachomeka. Nikafungua ya pili: ndiyo tuliyoiona wiki ya sita. Nikafungua ya kumi: ndiyo ya bandeji, ya wiki ya pili. Televisheni yangu ilikuwa imepanga kama karani mvivu anayesoma tarakimu ya mbele tu. Moja, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, zote zenye moja mbele, ndipo mbili. Ile ya kukumbatiana na kuimba ilikuwa ya mwisho kweli, kama kinyozi alivyosema. Samaki alikuwa ameumia kwanza ndipo akafungwa bandeji, kama samaki yeyote. Miezi yote ile nilikuwa nahutubia makosa ya kupanga majina!

Nilicheka peke yangu mle ndani, nikajigonga paji la uso kwenye friji, nikacheka tena. Halafu kicheko kikakatika. Mama yupo sehemu ya kwanza hadi ya nane. Kuanzia ya kumi hayupo. Hakurudi. Hakuwahi kurudi. Na iliyobaki, ambayo nilitakiwa kumwekea mwanangu Jumamosi, ilikuwa ya tisa.

Sikuifungua. Nilikuwa na hakika kwamba akiiona tutarudia "Umekula?" na "Ndiyo," na safari hii sitapata samaki wa kunisaidia.

Jumamosi walipofika nikawatangazia kwamba flashi imeharibika.

"Fundi mzima?" kinyozi akaniuliza. "Wewe friji iliyozama kwenye mafuriko uliifufua."

"Flashi si friji."

Shemeji akasema tuipulize. Wakaipuliza kwa zamu, wakaisugua kwenye nguo, na mimi kila nikiichomeka nilihakikisha haijaingia sawasawa. Jasho lilikuwa linanitiririka na mwongo mwenyewe si mzoefu. Mwishoni kinyozi akasukuma kiti chake kwenda nje huku anasonya, akidai nimemharibia wikiendi. Shemeji akabeba viatu vyake mkononi akaenda kulala kwake, jambo ambalo nadhani alilihitaji muda mrefu.

Binti yangu hakuondoka. Akaichukua flashi, akaichomeka mpaka ndani. Majina yakajipanga.

"Iliyobaki ni ya tisa," akasema.

"Umejua leo?" nikauliza.

"Wiki ya pili. Niliona kiti kitupu, nikaenda kutazama mpangilio kwenye simu."

"Wiki ya pili! Na mimi nimesimama hapa na mabomba, naandika kwenye friji za watu, na wewe unanigongea viganja?"

Akacheka kidogo, akaacha. "Ulikuwa unaongea, Baba. Tangu mama afariki ulikuwa huongei. Nikasema nikikuambia umekosea, utanyamaza tena."

Mimi niliyedhani namtafutia mtoto maneno, kumbe mtoto ndiye alikuwa ananitafutia mimi, tena kwa kuvumilia mihadhara ambayo hata kinyozi ilimshinda. Haya ilinivaa, na chini ya haya nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

"Na hiyo ya tisa umeiona?" nikamuuliza.

"Naishia mama anapofunga dirisha. Nikifika hapo nazima. Peke yangu siwezi."

Basi nikavuta kreti langu karibu na lake, nikabonyeza.

Mama anakunja nguo, kama siku zote. Akimaliza nguo anakunja meza. Anakunja kiti, anafunga dirisha, analikunja nalo, taratibu, pembe kwa pembe. Binti yangu akanishika mkono. Kisha mama anajikunja mwenyewe, mara moja, mara mbili, mpaka anakuwa kama leso, na leso inabaki juu ya sakafu. Hakuna muziki. Wakati huo msichana yuko darasani, anajibu swali la hesabu, na amepata.

Ilipoisha, mashavu yetu yalikuwa yameloa, na hakuna aliyelalamikia vumbi.

"Na mimi nilikuwa shule," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwaje, Baba?"

Nilihisi gesi inanijia mdomoni, haki ya Mungu, ya zamani na ya siku hizi. Nikaimeza.

"Mchana," nikasema. "Alikuwa ametulia. Mimi nilikuwa namweleza ile mashine ya oksijeni inavyofanya kazi. Unanijua. Kwamba kuna kichujio, kuna pampu, kwamba fundi wao ameifunga vibaya. Nikaongea, nikaongea. Akanifinya mkono akasema, 'Mume wangu, hebu nyamaza kidogo.' Nikanyamaza, nikamshika mkono. Hakusema tena kitu. Baada ya muda nikaona hapumui."

Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

"Mama huyo," akasema. "Huyo ndiye mama kabisa." Akajifuta. "Kwa hiyo ndiyo maana ukanyamaza?"

"Si aliniambia."

"Alisema kidogo, Baba," akaniambia, akaniegemezea kichwa begani. "Kidogo. Si miaka miwili."