Mwaka Moto Ulipoingia Ziwani

Kifuniko cha birika kilikuwa kinagongagonga jikoni, kukiwa bado giza, Diane aliponipigia simu. Diane ni binti wa Kirundi. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Blacktown, Sydney, anakokaa shemeji yangu Ildephonse, kaka wa marehemu mume wangu. Zamu yake ilikuwa imeisha, angeweza kwenda kulala, lakini alisimama kituo cha basi kwenye baridi ili aniambie.

"Bibi Kasoki, wanataka kumhamishia upande ule wa mlango wa kufuli. Wanasema amepoteza akili."

Daktari alikuwa amemuuliza alizaliwa mwaka gani, Diane akitafsiri. Shemeji akajibu: mwaka moto wa mlima ulipoingia Ziwa Kivu. Akabanwa, akasema 1938. Karatasi zake zinasema tarehe moja Januari 1948. Daktari akaandika kwamba mzee amechanganyikiwa.

Mimi nilijua. Katika kambi ya wakimbizi watu walisema wazee hawachukuliwi kuletwa huku, basi siku ya kuandikishwa shemeji akajipunguzia miaka kumi, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Tangu hapo aliogopa kwamba ukweli ukijulikana watamrudisha, akanikataza kusema.

Nilivaa barakoa nikapanda basi. Kuanzia kesho yake wageni wasingeruhusiwa tena, maana ugonjwa ulikuwa umerudi mjini. Nilimkuta ameketi kitandani amevaa koti, kama mtu anayesubiri kusafirishwa. Nikamwomba ruhusa niseme.

"Kambini nilidanganya, wakaniamini," alisema. "Hapa nimesema kweli, naitwa kichaa. Haya, waambie."

Nikamweleza msimamizi wa wauguzi kwa Kiingereza changu kidogo. Kwanza aliniletea kiti, yeye akabaki amesimama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akautafuta mwaka ule kwenye kompyuta. Akauona mlima wa volkano, na moto ulivyoteremka hadi ziwani. Akaona pia Jumapili ya mwaka huohuo, mawimbi yalipowazoa mamia ya waogaji hapa Sydney, ufukweni Bondi. Hapo akaketi. Mama yake alizaliwa wiki ile, akasema, na kwao hawakuwahi kuutaja mwaka. Walisema tu wiki ya mawimbi.

Neno la daktari hakulifuta, kwa kuwa si yeye aliyeliandika. Aliandika maelezo yangu chini yake, akasema mzee hatahamishwa mpaka daktari arudi baada ya wiki mbili. Kuhusu karatasi za kambini hakuweza kuniahidi lolote.

Nilipomwambia shemeji, hakufurahi. Aliuliza nani atakaa naye siku daktari atakaporudi, milango ikiwa imefungwa kwa wageni. Nikamwambia Diane ameshabadilishana zamu ili awepo.

"Diane ni mtoto mwema," alisema, akiwa amenishika mkono, "lakini kambini hakuwepo. Uje tena, shemeji. Hata ukisimama dirishani."