Kilo Mia na Nne za Dawa

Usiku wa jana niliota mizani ya kliniki imekuja nyumbani kwangu, hapa Isevya, Tabora, ikapiga hodi kwa adabu na kuvua viatu mlangoni.

Nikaikaribisha kiti. Ikakataa.

"Mimi hukanyagwa, siketi," ikasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya sista wa kliniki, sauti ya mtu aliyelala kidogo. "Nimekuja kuhesabu watu wa nyumba hii."

"Niko peke yangu," nikasema. "Mimi ni mjane. Mzee Yasini amefariki, mwaka wa tatu huu."

"Peke yako, kilo mia na nne?"

"Peke yangu."

"Siku unamzika ulikuwa sabini. Hizi thelathini na nne ni za nani?"

Sitafuti kisingizio, lakini mimi si mtu wa kula ovyo. Sukari niliacha. Soda niliacha. Chapati na maandazi naviona kwa watu. Tangu nilipokaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja, nimekula vyakula vya afya tu, vile alivyoniletea wifi yangu Nyamizi, dada wa marehemu, ambaye hakukosa hata siku moja. "Kula, wifi," ndivyo alivyokuwa akisema. "Hii ni dawa, hainenepeshi." Eda ikaisha, dawa haikuisha.

Sasa magoti hayanishushi. Mwaka wa pili huu nasali juu ya kiti. Msala wangu wa ukili, niliousuka na kuushona mwenyewe, nimeukunja, nimeufunga kamba, nimeuweka juu ya kabati, maana kuuona chini bila kuufikia kulikuwa kunanitesa. Watu huomba mengi. Mimi naomba sijda moja, paji la uso liguse chini. Moja tu.

"Waite hao wengine," ikasema mizani.

Kabati likafunguka lenyewe. Ikatoka chupa ya asali ya Sikonge, yakatoka maparachichi mawili yameshikana mikono, zikatoka karanga, ikatoka bilauri ya juisi ya embe. Mwisho zikatoka tende, zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Vyote vikaketi sakafuni bila kuambiwa. Hakuna kilichoonekana kuwa na hatia.

Mizani ikaanza na asali. "Wewe ni dawa?"

"Ni dawa. Lakini muulize alikuwa ananipima kwa kipimo gani."

"Upawa," nikasema.

"Upawa upi?"

"Wa mchuzi."

Karanga zikacheka, kisha zikaziba midomo.

"Mama," ikasema asali, bila ukali wowote, "vidonge vya presha navyo unavichota kwa upawa?"

Juisi ikaomba ruhusa ya kusema. Ikasema haijatiwa sukari hata punje, na hilo ni kweli, kwa sababu niliikamua mwenyewe.

"Lakini ndani yangu mna maembe matano," ikasema. "Mama huyu angeketi mbele ya wageni akamaliza maembe matano?"

"Ningeona haya," nikasema.

"Mimi alininywa amesimama, huku anafunga dirisha."

Ni kweli. Mvua ilikuwa inakuja.

"Na ninyi?" mizani ikayauliza maparachichi.

"Sisi tuna mafuta," likasema la kwanza.

"Mafuta mazuri," likasema la pili.

"Mazuri. Lakini tulifika kila siku akiwa ameshashiba."

Tende zikasema zenyewe hazina neno, kwa sababu zililiwa kwa witiri. Mizani haikuelewa, ikabidi nieleze. Tende huliwa kwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili: tatu, tano, saba. Mimi nilikuwa nakula saba, basi. Ila wifi akiingia ananitilia moja kiganjani, inakuwa ya nane. Nane siwezi kuiacha ikae nane, naongeza ya tisa. Naye akiniona nakula anafurahi, ananipa ya kumi.

"Ukawa unaishia ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Witiri," zikasema tende kwa pamoja.

"Witiri," ikakubali mizani. "Hapo hakuna kosa. Sasa, sista alikwambiaje kuhusu ugali wa dona?"

"Usizidi ngumi yangu."

"Kunja ngumi."

Nakunja ngumi. Naiweka juu ya sahani. Karanga zinaitazama, zinatazamana, halafu zinaanza kuingia ndani yake moja moja. Asali inaingia. Juisi inainua sketi na kuingia. Ngumi inavimba inakuwa kama boga, inavimba inakuwa kama sufuria ya shughuli, ile ya kilo ishirini za mchele. Haiumi. Wote wameingia, na bado kuna nafasi.

"Havijazidi ngumi," inasema mizani.

"Havijazidi," nasema. Na wallahi havikuzidi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa kuwa nilikuwa nimefuata kila sharti.

Nikigeuka, si sebuleni tena. Ni chumba cha eda. Pazia lile lile, kitanda kile kile, na mimi nimevaa nguo zangu nyeupe, ila zinanibana kwapani. Adhana inasikika. Msala wangu umetandikwa chini, haujakunjwa, hauna kamba. Nikasema, hii ndiyo siku.

Nainama. Sakafu inashuka.

Nainama tena. Sakafu inashuka tena, taratibu, kama mtu anayempisha mkubwa njia. Msala uko chini kabisa sasa, kama ndani ya kisima, mdogo kama kitambaa cha mkononi. Na pembeni yake ameketi marehemu mume wangu, na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, anachomoa mwiba kwenye kandambili.

"Mama Yasini," ananiita. Ndivyo alivyozoea kuniita kwa utani, kwa sababu hatukujaliwa mtoto, akasema basi yeye ndiye mwanangu. "Mbona hushuki? Wakati wa swala unapita."

"Sifiki, mume wangu."

"Ulikuwa mwepesi kuliko kanga yako."

"Ni asali."

"Asali ya dada yangu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Alikuletea usilie," akasema.

"Najua. Nami nilikula asinione nalia."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mwiba wake. Nilitaka aseme jambo jingine.

Asali ikanigusa begani. Ilikuwa imetoka kwenye ngumi bila mimi kuhisi, na wenzake nyuma yake.

"Tunaweza kukushusha," ikasema. "Kukuinua si kazi yetu."

"Nishusheni."

"Fikiri kwanza, mama."

"Nimefikiri miaka miwili. Nishusheni."

Tende zikanishika miguu, maparachichi kila moja likachukua goti lake, wakanishusha kama jeneza. Nikamtafuta mume wangu pale chini, hayupo; iko kandambili moja tu. Lakini msala upo. Paji langu likaugusa. Nikaisikia harufu ya ukili, nikasikia mshono wa katikati unaniingia kwenye ngozi. Nikasema yale maneno ya sijda mara tatu. Nikalia kwa raha ambayo sijaipata tangu nilipofiwa.

Kisha nikataka kuinuka.

Siinuki. Wamepanda wote mgongoni, wameketi, wanaongea mambo yao. Mizani nayo imepanda juu yao, inasoma kwa sauti: mia na nne, mia na nne, mia na nne. Nawaambia nina swala ya kumaliza. Karanga zinanijibu kwa heshima, "Shikamoo mama, endelea." Jua linazunguka dirishani mara nyingi. Adhana zinakuja, zinapita, na mimi bado nina rakaa moja.

Mlango ukafunguka. Miguu ya Nyamizi, naijua kwa hina.

"Ee wifi, bado uko chini? Leo umeamua kututangulia peponi?" Akacheka peke yake. "Haya, nimekuletea asali ya msimu mpya. Hii wala hainenepeshi."

Akatafuta pa kuiweka, akaiweka mgongoni kwangu.

Nikaamka. Muadhini wa alfajiri alikuwa ndiyo kwanza anakohoa kwenye kipaza sauti. Magoti yalikuwa yananiuma kama kawaida. Nikasema alhamdulillahi, ni ndoto, nikajikokota hadi kwenye ndoo kutawadha. Nilipopitisha maji usoni, vidole vyangu vikakwama kwenye paji.

Nikachukua kioo. Pajini pangu pana mistari ya ukili, imelala mshazari, na katikati mshono, umejipinda pale pale nilipoushona vibaya nilipokuwa mwari. Msala uko juu ya kabati. Kamba ina fundo langu, na juu ya fundo pana utando wa buibui.

Saa moja Nyamizi akaja. Akaniangalia sana.

"Wifi, umelalia nini usoni?"

"Msala."

"Msala upi? Si ule kule juu?" Akainua macho kabatini, akayarudisha kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la utani. Akaweka mezani chupa aliyokuja nayo. "Ya msimu mpya," akasema polepole.

Sikumwambia ndoto. Utamwambiaje mtu kwamba huruma yake ndiyo imekukalia mgongoni? Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia ahsante wifi, Mungu akulipe.

Alipoondoka nikavuta kiti, nikasali Dhuha. Ilipofika sijda nikainamisha kichwa hewani, kidogo, kama ninavyofanya kila siku, mahali ambapo hakuna chochote cha kugusa. Paji likawasha.