Jiko Lililoufuata Ua

Mama Chai alipomwona mpimaji ardhi akisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, aliacha kumimina chai. Jiko lake lenye kidirisha cha kuuzia chai liliegemea ua wa michongoma, mpakani na bustani ya umma. Ua ukirudishwa nyuma, jiko linakwenda, na riziki inakwenda nalo.

"Leo ndiyo leo," alicheka Bwana Mkasi, mtunza bustani, akiwa upande wa pili na kikombe mkononi. "Kila siku nakwambia jiko limeingia bustanini, wewe unasema nina wivu."

"Na unaniambia huku unakunywa chai yangu. Rudisha kikombe!"

"Ngoja nimalize."

Mpimaji, binti mwenye kofia pana, aliwaamkia, akaomba jembe. Akaingia jikoni akachimba, na jiwe la mpaka likaonekana katikati ya jiko, chini ya gunia la mkaa.

"Pole, mama. Nusu ya jiko iko bustanini."

Mama Chai aliketi juu ya ndoo. "Mwanangu, mimi nakata tu matawi yanayonichoma huku kwangu."

"Na upande wa bustani nani anakata?"

Bwana Mkasi akakohoa. "Pale sikati. Majani yataingia kwenye chai ya watu."

"Ya watu, au yako?" aliuliza Mama Chai.

Kumbe ndivyo ua ulivyotembea. Ulinyolewa huku, ukanenepea kule, na jiko likaufuata nyuma taratibu kila lilipoongezwa bati.

"Twende mwisho wa pili wa ua," alisema mpimaji.

Kicheko cha Bwana Mkasi kikakatika. Huko kulikuwa na stoo yake ya mafagio, na yeye ndiye aliyekata kwa bidii. Mama Chai hakugusa tawi, maana nyuma ya ua alificha makorokoro yake yote. Jiwe la pili lilikuwa ndani ya stoo, chini ya toroli.

"Karibu kwangu, jirani!" Mama Chai alipiga makofi. "Ungesema unahamia, ningekutandikia mkeka."

"Basi tusameheane," alisema Bwana Mkasi haraka. "Abaki na jiko, nibaki na stoo."

"Stoo si yako, baba, na bustani si yenu," alijibu mpimaji. "Ni ya watu wote. Hamwezi kuigawana hapa kama andazi."

Akavuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe. Mama Chai aliifuata kwa macho mpaka mwisho. Stoo ikiondoka, pale kwenye kiwanja chake mwenyewe pangebaki nafasi ya jiko, tena ikitazama bembea, viti na lango kuu, vitu ambavyo stoo ilikuwa imemzibia asivione.

Akajikung'uta mkaa.

"Bwana Mkasi, stoo unabomoa lini?"

"Haraka ya nini, mama?"

"Nahamishia jiko hapo. Ukichelewa, chai hakuna."

Bwana Mkasi alikitazama kikombe, akakimaliza kwa funda moja, akaenda kutafuta nyundo.