Mlango wa Shemeji

Shemeji yangu ni fundi seremala, na hakuna mtu anayemsifu fundi huyo kama yeye mwenyewe. Tunaishi nyumba moja: yeye, mimi, mume wangu ambaye ni mdogo wake, na baba yao, aliyekuwa seremala naye mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Karakana iko uani. Wateja wakija, shemeji hawaonyeshi makabati wala vitanda. Anawapitisha kwenye korido, vumbi la mbao likidondoka kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, mpaka mbele ya mlango wa bafu.

Ndiyo, wa bafu. Mbao ngumu nyekundu, paneli mbili, ya juu na ya chini, kingo zimechongwa, kitasa cha shaba. "Sukumeni," anawaambia. Wanausukuma kwa kidole kimoja, nao unafunguka kwenda ndani bila kutoa hata mlio. "Huo niliufunga mwaka aliofariki mama," anasema. "Haujashuka hata unywele." Mimi niko jikoni, nasaga meno.

Ugomvi wetu ulianza pale mguu wa kulia wa mzee ulipoanza kugoma. Mimi ni nesi, wodi ya wazee. Wazee huanguka sana bafuni, na wengi huangukia mlangoni, kwa sababu huko ndiko wanakokimbilia kujishikiza. Kama mlango unafungukia ndani, mtu amejifungia kwa mwili wake mwenyewe. Kazini kwetu milango ya vyoo yote inafungukia nje, na si kwa urembo. Nilimweleza shemeji haya mezani, kwa adabu zangu zote, chakula nikiwa nimemtengea mimi.

"Mlango wa chumba unafungukia ndani," akanijibu.

"Nani kasema?"

"Ndivyo ulivyo."

"Shemeji, nimekuuliza nani kasema."

Alinyoosha kidole chenye gundi iliyokauka, akamwonyesha baba yake. Mzee hakuinua kichwa kutoka kwenye sahani. "Unaofungukia nje ni wa zizi," alisema. "Mwanangu hatengenezi mazizi."

Mimi si mtu wa kufyata mkia. Kila mzee alipojikwaa nililirudia lile neno, na kila nilipolirudia shemeji alizidi kukaza shingo. Akaanza kuniita Daktari, na wala si kwa heshima. "Daktari, dirisha nalo tulihamishie darini?" "Daktari kasema leo tulale miguu juu?" Alinicheka mbele ya wateja. Nami nikamwambia mbele ya wateja haohao kwamba kichwa chake kimepigwa randa mpaka akili zote zikaishia kwenye maranda. Tukaacha kusalimiana. Mume wangu, ambaye kazi yake humu ndani ni kuomba msamaha kwa niaba ya kila mtu, alikuwa akipita katikati yetu na kikombe cha chai. "Basi jamani," anasema. "Ni mlango tu."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, wote tupo. Mzee anaoga, mimi nakunja nguo chumbani. Nikasikia ndoo inabingirika, kisha kishindo kizito, kisha kimya. Nilifika wa kwanza. Kitasa kilizunguka vizuri, maana mzee alikuwa hajifungii. Nikasukuma. Mlango ukasogea upana wa kidole, ukagota kwenye kitu laini, na mimi nilijua ni kitu gani.

"Baba?"

Alinijibu kwa kukoroma.

Shemeji alitoka uani mbio, akanipiga kikumbo, akaweka bega. Mume wangu naye akaweka lake. Wakasukuma kwa nguvu zao zote. Kutoka ndani mzee akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayekamuliwa.

"Acheni!" nilipiga kelele. "Mnambana! Hapo ndipo kilipo kifua chake!"

Waliacha. Wakatazamana. "Basi tusukume polepole," akasema shemeji, kana kwamba amegundua dawa. Wakasukuma polepole. Sauti ikatoka ileile, ila ndogo zaidi, na hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha.

Mume wangu alikimbia nje kuangalia dirisha la bafu, dirisha analolijua tangu utoto wake, akarudi kutuarifu kwamba lina nondo. Shemeji alichomoa bisibisi mfukoni akaanza kupapasa ukingo wa mlango. Juu, chini, juu tena. Alikuwa anatafuta bawaba. Upande wetu wa mlango hakukuwa na bawaba hata moja. Mlango unaofungukia ndani, bawaba zake ziko ndani, na aliyezifunga huko ni yeye. Nikamwona anahangaika na ule ubao laini aliousifia miaka yote, hana pa kuushika. Sikumwonea huruma. Nilifurahi, kwa urefu wa pumzi moja hivi, kisha mzee akakohoa huko ndani na furaha ikaniisha.

Nilikwenda karakana nikachukua nyundo kubwa. Tangu niolewe katika nyumba ile nilikuwa sijagusa kifaa hata kimoja mle. Hakuna aliyewahi kunikataza. Nilijikataza mwenyewe, nikaona ndiyo adabu ya mke wa nyumba ya mafundi, na huku nikipigia watu kelele miaka miwili kuhusu bawaba ambazo ningeweza kuzifungua kwa mkono wangu wakiwa sokoni.

Niliporudi korido na kuinyanyua, shemeji akaudaka mpini.

"Weka chini!"

"Baba yako anakufa!"

"Weka chini nimesema! Utaupasua wote umwangukie! Hujui hata pa kupiga!"

Tukavutana pale korido kama watoto wanaogombea mpira. Ana nguvu kuliko mimi, akaninyang'anya. Nilishafungua mdomo nimtukanie mama yake, marehemu wa watu ambaye hata sikumkuta, ndipo nikaona amechomoa patasi, ameisimika kwenye pembe ya paneli ya juu, na amepiga. Aliguna kana kwamba amejipiga mwenyewe.

"Hapa," alisema, akapiga tena. "Hapa ndipo gundi ilipo, mjinga wewe. Hapa." Mbao nyekundu zikaanza kutapika vipande. Hakuisukumia paneli ndani. Aliingiza vidole kwenye ufa, akaing'oa kuja upande wetu, kucha zikamtoka damu, akaitupa nyuma yake bila kuiangalia. Pakabaki tundu usawa wa kifua changu, jembamba. Mabega ya ndugu wale wawili yasingepita hata tukiyapaka mafuta.

Wote wawili wakanitazama mimi. Na mzee, kutoka chini, kwa pumzi iliyokatikakatika, akasema, "Asiingie huyo."

"Baba, ni mimi," nikasema.

"Ndiyo maana. Niko uchi. Asiingie huyo."

"Labda tumwite mtu mwingine," akasema mume wangu.

"Nani? Mwembamba gani, anakaa wapi?"

 Lakini ukweli ni kwamba na mimi miguu ilikuwa imekataa. Kazini nawaogesha wanaume wa umri wake tangu asubuhi mpaka jioni, mikono hainitetemeki. Huyu hata hivyo alikuwa baba mkwe. Huyu namwamkia nimeinamisha macho, hata fulana zake nazianika upande wa nyuma nisizione sana. Nikasimama pale na taulo mkononi, nesi mzima, nikimsikiliza mtu anaishiwa pumzi kwa sababu haifai mimi kumwona. Haifai, nani kasema? Nilijiuliza swali lilelile nililomuuliza shemeji mezani. Na mimi ningemwonyesha nani kwa kidole?

"Nipandisheni," nikasema.

Nilitua kwenye sabuni, goti likagonga ndoo. Kitu cha kwanza nilimtupia taulo. Alikuwa amejikunja kati ya ukuta na mlango, bega limepinda vibaya, midomo imebadilika rangi. Nilimshika kwapani, upande usioumia, nikamburuta. Alikuwa ananitukana muda wote, kwa sauti ndogo, neno moja kwa kila pumzi: sina haya, sina malezi, nimemdhalilisha ndani ya nyumba yake. Nikamwambia aendelee kutukana hivyohivyo, maana anayetukana anapumua. Mlango ukafunguka kwa nyuma yangu, wanawe wakaingia.

Hospitali walisema mfupa wa bega umevunjika, mbavu hazijavunjika, ila zimepondeka. Walipomgeuza kitandani tukaona mstari wa bluu umenyooka ubavuni, kutoka kwapani mpaka karibu na nyonga. Si wa kuanguka. Mtu haanguki kwa mstari ulionyooka. Shemeji aliutazama muda mrefu. Hakuhitaji futi, unene wa mlango ule anaujua kwa macho. Mume wangu alifungua mdomo, nadhani aombe msamaha, nikamkanyaga mguu anyamaze.

Mzee aliporudi nyumbani, mkono umefungwa shingoni, alimkuta mwanawe korido, amepiga magoti, anafunga mlango mpya. Mbao za kawaida, hazina nakshi. Alikaa kwenye kiti akaangalia kazi kwa jicho la fundi, na ilimchukua muda mfupi tu kuona.

"Unafanya nini?"

"Naugeuza, baba."

"Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Hapana."

"Basi acha."

Shemeji alikuwa na skrubu mdomoni. Mtu yule, mwenye ndevu zenye mvi, sijawahi kumwona akiambiwa na baba yake acha asiache. Nikasubiri aache. Alitoa skrubu mdomoni, akaiweka kwenye bawaba, akaikaza.

"Nimesema acha! Unataka watu waseme nimezaa fundi wa mazizi?"

Akatoa nyingine, akaikaza. Bisibisi ikamteleza, ikamchana. Mzee alimwambia maneno ambayo sitayarudia, mengine yalinihusu mimi. Shemeji alikaza mpaka ya mwisho. Kisha akanipita na kisanduku chake cha vifaa bila kusimama. "Usidhani nimefanya kwa ajili yako," alisema. "Wewe bado ni mjinga."

"Na mlango wako unalia," nikamjibu. Ulikuwa unalia kweli.

Tangu siku hiyo mzee aliacha kusema nami. Nikimwamkia, anaitikia ukuta. Akitaka chumvi iliyo mbele yangu anamwomba mume wangu aliye mwisho wa meza. Dawa nampa mimi, anazipokea, anazimeza, anatazama pembeni. Sikumbembeleza. Na mimi nina moyo. Nilimwokoa, sikumwibia. Kila asubuhi nilimsikia akifika mbele ya mlango na kuusukuma. Anausukuma tena, kwa hasira zaidi. Anautukana, anamtukana aliyeufunga, anamtukana na aliyeleta maneno ya kuufunga. Ndipo anavuta. Hata shemeji nimemsikia mara kadhaa akiugonga kwa bega alfajiri, fundi mwenyewe, kisha akiangalia nyuma kama kuna aliyemwona.

Jana nilikuwa nakunja nguo palepale chumbani, mzee anaoga. Mlio wa maji ukakatika. Nikasubiri nisikie kata ikigonga ndoo. Kimya. Nikasubiri tena.

"Baba?"

Kimya.

Nguo zilinidondoka. Nilifika mlangoni sijui kwa miguu ipi, nikasukuma kwa viganja viwili. Haukusogea. Nikaweka bega, nikasukuma kwa uzito wangu wote. Haukusogea hata upana wa kidole. Ameuangukia tena, nikajisemea, na safari hii mwili wote. Nikapaza sauti nikimwita shemeji alete nyundo, alete patasi, alete kila kitu, huku bado nasukuma na machozi yananitoka.

"Vuta," sauti ya mzee ikasema kutoka ndani, mzima kabisa, amekasirika. "Vuta, mjinga wewe!"