Koja la Kuvuka Ganga

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nilipoweka nadhiri kwa Mama Ganga, mto wetu mtakatifu, kilikuwa kiangazi, maji yamekonda hata wanaume wanaombana tumbaku kutoka ukingo hadi ukingo kwa kupaza sauti tu. Nikasimama maji yamenifika magotini, nikasema: Mama, mkwe wangu Rajmuni ana miaka kumi na mmoja ya ndoa na hajashika mimba. Mpe mtoto, nami nitakuvika koja la maua kutoka ukingo huu hadi wa pili, kabla hatujamnyoa nywele za kuzaliwa. Msimu sikuutaja. Mimi Sonmati, niliyezeekea hapa hapa mtoni, nilisahau kwamba mto huu hauna upana mmoja.

Mtoto akaja na nywele nyingi ajabu, tukamwita Jhabbu. Nikajiambia nitatimiza wakati wa baridi, maji yakishapungua. Mama hakungoja. Mvua za mwaka ule zilipoanza akawa anakula ukingo, leo shamba la mahindi, kesho kisima, mpaka akabakisha hatua arobaini kufika mlangoni kwangu. Majirani walihamia juu ya tuta la kuzuia mafuriko na ng'ombe wao. Mwanangu yuko Surat kwenye viwanda vya nguo, akaagiza nasi tuhame. Nikakataa. Nilijua Mama anafuata ahadi yake, na nikihama bila kuitimiza atamfuata Jhabbu huko huko. Hofu hiyo ilininyima usingizi na chakula.

Basi nikafunga maua ya manjano siku nne, kwenye kamba ya katani niliyoiunga na sari zangu zote kuukuu. Asubuhi ya siku ya tano nikamwita Lakhindar, mtoto wa kaka yangu, mwenye mashua.

"Shangazi, ng'ambo unaiona?" akauliza.

"Siioni."

"Sasa koja unamvika Mama au unauvika wazimu wako?"

"Wewe shika kasia. Mdomo utautumia ukifika kwa mkeo."

Tukafunga ncha moja kwenye msufi mkubwa ulio mbele ya nyumba. Rajmuni alikwisha kutandika shuka chini yake, amempakata mtoto.

"Mama, sisi tubaki hapa. Maji haya yananitisha, na Jhabbu ana mafua."

"Nywele ni zangu? Kinyozi anatungoja ng'ambo, mwenye nywele apande mashua."

"Ana miezi mitano tu, Mama."

"Na mimi nina miaka sitini na sijamaliza kukuombea. Panda."

Alipanda huku analia. Niliona aibu, lakini nimeumbwa hivyo, neno likishatoka silirudishi.

Lakhindar akapiga kasia, mimi nikawa naachia koja taratibu. Nimeishi na mto huu maisha yangu yote, na siku ile niliuogopa upya. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kimya, yote kwa pamoja. Paa zima la nyasi likapita na kunguru juu yake. Pomboo wa mtoni akaibuka karibu nasi, akapumua kama mtu aliyelala, akazama. Tulipofika katikati sikuona ng'ambo, na ukingo wetu ulikuwa mstari mwembamba wenye mti mmoja. Nikajiona mdogo, mdogo kabisa, na nadhiri yangu ikanichekesha.

"Imeisha, Shangazi," akasema Lakhindar.

Kweli, mkononi nilibaki na ncha ya sari. Nusu ya mto ilikuwa bado mbele yetu. Nikalia bila kujificha. "Mama, yangu yameishia hapa. Mtoto hana kosa, mjinga ni mimi."

Kamba ikalegea mkononi.

Nikageuka. Msufi ulikuwa unatembea. Umesimama wima na ardhi yake chini, unaelekea majini polepole, na nyumba yangu inaufuata nyuma. Vikazama pamoja. Sauti ilitufikia baadaye, na wimbi baada ya sauti, mashua ikapanda na kushuka. Pale Rajmuni alipotandika shuka palikuwa maji.

Nikaiachia ile ncha ya sari. Koja likatupita, limeng'oka lote, refu, la manjano, likachukua muda mrefu kumalizika. Rajmuni akauchukua mkono wangu akauweka juu ya kichwa cha Jhabbu, akauacha hapo.

"Turudi?" akauliza Lakhindar.

"Turudi wapi? Mvushe mtoto."

Tulifika ng'ambo adhuhuri. Kinyozi akamnyoa Jhabbu kwenye tope, nami nikazishusha zile nywele majini kwa mikono miwili. Nyumba ile ilikuwa ya nne Mama kunichukulia. Mjukuu nina huyo mmoja.