Unga wa Mwanamina

Kitendawili, wajukuu zangu, na msiseme "tega" maana nimeshatega: mzee wangu huingia motoni na shuka jeupe, akitoka shuka limekuwa la kahawia. Hamjui? Nipeni mji. Nachukua Wundanyi, na baridi yake yote.

Ni makaroni ya Kigiriki ya kuoka, na hilo shuka ni sosi nyeupe. Miaka ile ya tisini nilikuwa nikipika nyumbani kwa Mama Despina, Mgiriki, mumewe msimamizi wa shamba la mkonge hapa Voi. Hata leo nikinusa kungumanga namwona amefungua oveni, miwani imejaa mvuke, anacheka peke yake.

Pasaka yake ya mwisho kabla ya kurudi kwao, alitaka tule sote meza moja. Lakini Mable wangu, huyu mama yenu, daktari alikuwa amemkataza ngano. Akiionja tu, tumbo humsokota usiku kucha. Makaroni ya mchele Mama Despina aliagiza kwao. Sosi je, ishikwe na nini? Nikaenda Kaloleni kwa Mwanamina, muuza vitumbua, akanipa unga wake wa mchele.

Tulijaribu wiki moja mbele. Siagi iyeyuke, unga ukaangwe mpaka harufu ya ubichi iishe, maziwa ya moto kidogo kidogo, mwiko usipumzike. Ikateleza kama uji wa mzazi. Mable akala, akafuta sahani kwa kidole. Usiku tukakesha naye.

"Ni maziwa," nilisema asubuhi.

"Maziwa anakunywa kila siku," Mama Despina akajibu. Akamgeukia Mwanamina, ambaye alikuwa ametuletea vitumbua vya chai. "Unga huu una nini ndani?"

Mwanamina akajifunga leso upya. "Una mchele, mama. Na vitumbua vyangu vinapoa." Akaondoka.

Alhamisi akarudi na kikapu chake. Mable alikuwa mlangoni pa jikoni akichambua mchicha, mimi na Mama Despina tuko ndani.

"Mama," aliniambia, "Jumapili nyinyi kaeni mezani. Mimi nitakula ugali wangu jikoni. Nimezoea."

Mwanamina akatua kikapu. Akaniuliza kinu changu cha mahindi kiko wapi, na kama nina mchele. Akauosha, akauloweka.

"Huu tutautwanga hapa hapa, ukiona kwa macho yako," alimwambia Mable. Kisha akausukuma mlango ukafungika. "Atakayempelekea Aliya wa stendi maneno haya, asahau vitumbua vyangu."

"Nani amtake Aliya," nikasema. "Vyake hupasuka hata vikitazamwa."

"Basi ndiyo hiyo." Akamtazama Mama Despina. "Uliniuliza, mama. Natia konzi moja ya ngano. Ndiyo inayovishika."